Sura ya 7: Hizi Karanga Nile au Niache?

Swali hili haliishi. Linaulizwa kliniki, linaulizwa kwenye vipindi vya afya redioni, linaulizwa hata na abiria wa basi la mkoani aliyekwishanyoosha mkono dirishani kupokea pakiti ya korosho. Kila anayeuliza ameshasikia majibu mawili yasiyopatana. Huku kaambiwa njugu zinajaza gesi, zinachokonoa vidonda vya tumbo na hazifai kwa mtu mzima. Kule kaambiwa zinasafisha utumbo na kuondoa "uvimbe wa ndani kwa ndani", tena kwa kiganja kimoja tu kila asubuhi.

Jibu la sura hii liko hivi. Njugu zinaweza kulisaidia tumbo, na sehemu kubwa ya msaada huo haitokani na kile tunachofaulu kukimeng'enya, bali na kile kinachotushinda. Kuhusu uvimbe wa ndani, ushahidi upo, ila ni mwembamba kuliko matangazo. Na yote mawili yanategemea mambo ambayo wauza dawa za asili hawayataji: njugu imeandaliwaje, imehifadhiwaje, na imeliwa badala ya nini.

Njugu zipi tunazozungumzia?

Katika sura hii neno njugu litasimama kwa karanga, korosho, lozi, makadamia, pistachio, na jozi, ile yenye mikunjo mingi na uchungu kidogo inayopatikana zaidi supamaketi. Mtaalamu wa mimea atasema karanga ni ndugu ya kunde na maharage, na ni kweli. Lakini tumboni inafanana zaidi na korosho: mafuta mengi, protini ya kutosha, wanga kidogo. Njugu mawe ni kinyume chake, ina wanga mwingi na mafuta machache, kwa hiyo ihesabiwe pamoja na maharage. Nazi nayo nimeiacha nje, kwa sababu mafuta yake ni ya aina nyingine.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni nyuzinyuzi, yaani zile sehemu za mmea ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzimeng'enya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kiganja kimoja cha njugu, sawa na gramu 30 hivi, hutoa takriban:

- lozi: gramu 3.7
- pistachio: gramu 3
- karanga: gramu 2.5
- makadamia: gramu 2.5
- jozi: gramu 2
- korosho: gramu 1

Tazama vizuri orodha hiyo. Korosho, ambayo bei yake huwafanya wengi wainunue kwa kuhesabu, ndiyo iliyo mkiani. Karanga ya kawaida inaishinda zaidi ya mara mbili. Na hakuna hata moja kati yake inayofua dafu mbele ya sahani moja ya maharage, inayoweza kutoa gramu 10 na zaidi. Njugu ni nyongeza nzuri ya nyuzinyuzi, lakini si nguzo yake.

Kutoka mdomoni hadi utumbo mpana

Punje ya karanga imejengwa kwa chembe nyingi ndogo mno. Ndani ya kila chembe mna mafuta na protini, na nje yake kuna ukuta wa nyuzinyuzi. Fikiria vibuyu vidogo vilivyojaa mafuta na kuzibwa midomo. Ukitafuna, meno yanapasua baadhi ya vibuyu na mafuta yanatoka. Vilivyobaki vizima vinateremka tumboni, vinapita kwenye asidi, vinaingia utumbo mwembamba, na bado havifunguki. Sababu ni kwamba vimeng'enya vyetu, yaani protini zinazokata chakula vipande vidogo ili kifyonzwe, havina uwezo wa kuukata ukuta huo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani waliwalisha watu lozi nzima, kisha wakapima nishati iliyoingia na iliyotoka chooni. Kwa hesabu ya kawaida, ile inayotumika kuandika lebo, gramu 28 za lozi zina kalori takriban 170. Miili ya watu wale ilipata 129. Zilizobaki zilipita. Baadaye walirudia kazi hiyo wakilinganisha lozi nzima na lozi zilizosagwa kuwa siagi laini. Kwenye siagi tofauti hiyo haikuonekana tena: mashine ilikuwa imeshafanya kazi ambayo meno hayaifikii.

Kile kilichopita kinafika utumbo mpana, na huko kinapokewa. Utumbo mpana una bakteria, viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho, ambao idadi yao ni matrilioni. Wengi wao hawana madhara, na baadhi tunawahitaji. Wakipata nyuzinyuzi huzichachusha na kutengeneza asidi ndogo ndogo. Mashuhuri kati ya hizo ni butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazotandaza ukuta wa utumbo mpana. Chembe hizo zikishiba, ukuta unakaa imara, na vitu vya chooni vinabaki upande wake bila kupenya kuelekea kwenye damu.

Kuna mzigo wa pili unaofika huko: polifenoli, kemikali za mimea ambazo ndizo hasa zinazoyapa maganda rangi na ukakasi. Zimo kwenye ngozi nyekundu ya karanga na ile ya kahawia ya lozi, ngozi tunazopenda kuzipuliza na kuzitupa. Jozi ina polifenoli ambazo bakteria fulani huzigeuza kuwa dutu inayoitwa urolithini. Ila si kila mtu ana bakteria hao. Ndiyo maana ndugu wawili wanaweza kula kutoka bakuli moja na miili yao isipate kitu kilekile.

*Kwa ufupi:* sehemu ya njugu isiyomeng'enywa hulisha bakteria. Bakteria hutengeneza butireti. Butireti hulisha ukuta wa utumbo. Njugu nzima hufikisha mzigo mkubwa zaidi kuliko iliyosagwa laini.

Walipojaribu kwa watu, waliona nini?

Maelezo mazuri ya jinsi kitu kinavyofanya kazi hayatoshi. Lazima watu wale, kisha wapimwe.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 18 waliokula gramu 42 za jozi kila siku kwa wiki tatu, na kwa kipindi kingine wakala chakula cha aina hiyohiyo bila jozi. Katika kipindi cha jozi, baadhi ya bakteria wanaotengeneza butireti waliongezeka. Pia zilipungua aina fulani za nyongo zilizobadilishwa na bakteria, ambazo zikizidi zinahusishwa na madhara kwenye utumbo.

Mwaka 2022 ikatoka kazi ya King's College London. Watu wazima 87 waliozoea vitafunwa waligawanywa makundi matatu: lozi nzima, lozi zilizosagwa, na keki ndogo zenye nishati sawa. Waliokula lozi walikula gramu 56 kwa siku, muda wa wiki nne. Matokeo yake yana mafunzo mawili. La kwanza, butireti ilipanda kwa walaji wa lozi, na waliokula nzima walikwenda choo mara moja na nusu zaidi kwa wiki. La pili, bakteria wazuri ambao watafiti walitarajia waongezeke hawakuongezeka. Yaani bakteria walewale waliokuwapo walipata kazi zaidi. Anayekuuzia njugu kwa ahadi ya "kubadilisha bakteria wako wote" ameyaruka matokeo hayo.

Je, mabadiliko haya hudumu? Hapa wenyeji wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wameifundisha dunia. Wahadza wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya hula nyama zaidi wakati wa kiangazi, na matunda ya porini na asali zaidi wakati wa mvua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria wao hufuata msimu: baadhi hufifia hadi karibu kutoonekana, kisha hurudi chakula chao kinaporudi. Kwa hiyo lozi za wiki nne zina athari ya wiki nne. Tumbo halina akiba ya mazoea uliyoyaacha.

Msomaji makini asisahau mambo matatu kuhusu tafiti za njugu. Nyingi ni ndogo na fupi. Nyingi zimehusu lozi na jozi, si karanga na korosho. Na nyingi zimegharamiwa na vyama vya wakulima wa njugu hizohizo, hasa wa California. Hilo halizifanyi kuwa uongo, ila linatutaka tusiongeze chumvi juu ya kilichopimwa.

Mbona mimi zinanijaza gesi?

Huenda ni korosho. Korosho na pistachio zina sukari za minyororo mifupi ambazo utumbo mwembamba unashindwa kuzifyonza. Zikifika kwa bakteria zinachachuka haraka, gesi inazalishwa na maji yanavutwa kuingia utumboni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliopima vyakula vingi kwa ajili ya wenye matumbo yanayosumbuka upesi, wameziweka korosho na pistachio upande wa vyakula vyenye sukari hizo kwa wingi. Karanga, makadamia na jozi kwa kiasi cha kiganja ziko upande wa nafuu.

Kwa mtu mwenye afya, gesi kidogo ni dalili kwamba bakteria wanafanya kazi. Kwa mwenye utumbo unaouma kwa mambo madogo, ni mateso ya kweli, na asiambiwe anadeka. Afanye hivi:

- abadilishe aina: aache korosho, ajaribu karanga chache;
- aanze na punje kumi kwa siku, aongeze polepole wiki hadi wiki;
- akipenda korosho, aziloweke usiku kucha na kumwaga maji, kwani sehemu ya sukari hizo huondoka nayo;
- atafune mpaka zilainike, na anywe maji ya kutosha.

Vidonda vya tumbo na marufuku za zamani

"Nina vidonda, sigusi karanga." Sentensi hii imo katika karibu kila ukoo. Lakini vidonda vya tumbo, kwa sehemu kubwa, husababishwa na mambo mawili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na matumizi ya dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliomfichua bakteria huyo katika miaka ya 1980. Marshall alimnywa yeye mwenyewe ili kuthibitisha, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Karanga haimo katika kesi hiyo. Tiba ya vidonda hivyo ni kupimwa na kumaliza dozi.

Hata hivyo anayelalamika hasemi uongo. Chakula chenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu zaidi, na kwa mwenye kiungulia kinaweza kuamsha asidi ipande kooni, hasa akila usiku na kulala papo hapo. Tatizo lake ni wingi na saa, na anaweza kuyarekebisha yote mawili bila kuapa kuacha karanga maisha yake yote.

Marufuku nyingine ilihusu watu wenye vifuko vidogo vinavyotokeza kwenye ukuta wa utumbo mpana, hali inayoongezeka kadiri umri unavyosonga. Kwa miaka mingi madaktari wa nchi za Magharibi waliwakataza njugu na bisi, wakihofia vipande vitanasa kwenye vifuko na kuvivimbisha. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 18. Walaji wa njugu na bisi hawakuugua zaidi kuliko wengine. Waliugua kidogo zaidi. Marufuku ile ilikuwa imejengwa juu ya dhana iliyosikika kuwa ya busara tu.

Je, zinapunguza mchochota?

Ukichomwa na mwiba, mahali pale hugeuka pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Huo ndio mchochota: kinga ya mwili ikikimbilia eneo lililodhurika ili kuua vijidudu na kuanza kutengeneza. Mchochota wa namna hiyo ni wa heri, unakuja na kuondoka. Wenye shida ni ule mdogo mdogo usioondoka, usiouma mahali popote, unaoendelea kwenye mishipa ya damu na viungo kwa miaka, ndio ule uvimbe wa ndani uliotajwa mwanzoni mwa sura. Huo unahusishwa na magonjwa ya moyo na kisukari. Maabara huukisia kwa vipimo vya damu, kikiwamo kile kinachoitwa CRP.

Njugu inaingiaje hapa? Kwa njia mbili zinazoweza kufanya kazi pamoja: butireti inayoimarisha ukuta wa utumbo, na mafuta yasiyoganda yanayochukua nafasi ya mafuta mabaya zaidi.

Matokeo kwa watu yamechanganyika. Katika jaribio la miaka miwili lililofanyika Barcelona na Loma Linda, California, wazee zaidi ya 600 walifuatiliwa. Nusu yao waliongezewa gramu 30 hadi 60 za jozi kila siku. Matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalionyesha kwamba kati ya viashiria kumi vya mchochota vilivyopimwa kwenye damu, sita vilishuka zaidi kwa walaji wa jozi. Lakini ukikusanya pamoja majaribio mengi madogo ya njugu mbalimbali, CRP kwa wastani huwa haisogei kwa kiasi cha kujivunia.

Ushahidi mzito zaidi hauko kwenye kipimo cha damu, uko kwenye maradhi yenyewe. Huko Hispania, watu zaidi ya 7,000 waliokuwa hatarini kupata ugonjwa wa moyo waliwekwa makundi matatu. Kundi moja lilifuata mlo wa mboga, matunda, kunde na samaki pamoja na gramu 30 za njugu mchanganyiko kila siku. La pili mlo huohuo na mafuta ya zeituni. La tatu lilishauriwa kupunguza mafuta. Baada ya karibu miaka mitano, mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vitokanavyo na maradhi hayo vilipungua kwa takriban asilimia 30 katika makundi mawili ya kwanza. Ripoti ya mwaka 2013 iliondolewa kwa sababu ya kasoro katika namna ya kuwagawa washiriki, ikachambuliwa upya na kutolewa tena mwaka 2018. Picha haikubadilika sana. Ila ukumbuke, walikula njugu ndani ya mlo mzima uliopangwa. Hawakumwaga korosho juu ya chipsi na soda.

*Kwa ufupi:* kwa utumbo, ushahidi unaridhisha ingawa ni wa muda mfupi. Kwa mchochota, faida inaelekea kuwa ndogo, nayo inaonekana zaidi pale njugu zinapochukua nafasi ya kitu kibaya. Hazitibu ugonjwa wowote.

Adui anayeweza kubatilisha yote: sumukuvu

Mazungumzo ya njugu Afrika Mashariki hayakamiliki bila sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu waotao kwenye nafaka na karanga zisizokauka vizuri. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini, na ikiliwa nyingi kwa mara moja inaua. Mwaka 2004 watu 125 walifariki Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Mara zote mbili chanzo kilikuwa mahindi, lakini kuvu haohao hupenda karanga.

Kukaanga hakuiondoi yote. Kinachosaidia ni kuchambua kabla ya kupika, kwa sababu sumu hujikusanya zaidi kwenye punje chache zilizoharibika. Tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka, zilizoota ukungu na zenye uchungu. Usimpe kuku wala ng'ombe.

Hapa unga na siagi ya karanga vinataka tahadhari, maana punje mbovu ikishasagwa haionekani tena. Nunua karanga nzima, chambua mwenyewe, kisha twanga au peleka mashineni kiasi cha kutumia siku chache. Mafuta ya karanga iliyosagwa huchacha upesi, na ndiyo sababu ni heri uji wa lishe wa mtoto utiwe karanga wakati wa kupika kuliko kuichanganya kwenye unga wa kukaa mwezi mzima.

Basi nile vipi?

1. Kiganja kimoja kwa siku kinatosha. Ndicho kiasi cha jaribio la Hispania, ingawa majaribio ya utumbo yalitumia zaidi.
2. Kula badala ya kitu, si juu ya kitu. Karanga badala ya andazi la saa nne ni faida. Karanga baada ya andazi ni kalori za ziada.
3. Pendelea nzima, na ngozi yake. Za kuchemsha na za kukaanga bila mafuta zote zinafaa.
4. Kashata, karanga za mayai na zile zenye chumvi nyingi ni vitafunwa vya furaha. Usizihesabu kama dawa ya tumbo.
5. Mchicha, mlenda au kisamvu cha karanga ni matumizi bora kabisa: hata kama karanga imesagwa, nyuzinyuzi za majani zinafidia.

Nani awe mwangalifu?

- *Mwenye mzio*, yaani ambaye kinga yake hushambulia njugu kana kwamba ni adui. Midomo ikivimba, mwili ukiota vipele au pumzi ikibana baada ya kula, ni dharura ya hospitali.
- *Mtoto chini ya miaka mitano* asipewe punje nzima, anaweza kupaliwa. Mpe iliyosagwa ndani ya uji.
- *Mwenye ugonjwa wa figo* au mawe kwenye figo azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu ya madini na oksaleti zilizomo.
- *Mwenye ugonjwa wa utumbo uliochachamaa au uliobana* aache punje nzima mpaka daktari amruhusu.
- *Anayeona damu chooni, anayekonda bila sababu au mwenye maumivu yasiyoisha* asitafute jibu kwenye karanga. Aende akapimwe.

Kwa wengine wote jibu ni kula, na wasitishwe na bei. Hakuna kilichoelezwa katika sura hii kuhusu ukuta wa chembe, bakteria na butireti kinachohitaji lozi iliyovuka bahari. Karanga ya kibaba kutoka gengeni, iliyochambuliwa vizuri na kuliwa na ngozi yake karibu kila siku pamoja na maharage na mboga za majani, ina sifa zote zinazotakiwa. Ukibakiwa na fedha ya korosho, nunua kwa sababu ni tamu.